Sindano na Gari la Maziko

Ofisini walimwita Sindano, na jina hilo hakulipata kwa ukali wa ulimi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa maneno, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Kwa miaka ishirini na sita alitembea katika yadi ya forodha na sindano ndefu ya kufumia sweta ikiwa imechomekwa kwenye mfuko wa ovaroli yake. Gari likishushwa kutoka nje ya nchi, alipanda nyuma, akapiga magoti, akaingiza sindano chini ya zulia na kuitembeza taratibu kama mtu anayetafuta mwiba katika unyayo wa mtoto. Ikizama mahali, alinyanyua uso na kumwambia mwenye gari:

"Hapa palikuwa na kiti."

Maneno hayo yalitosha kumtoa mtu jasho. Sheria ya ushuru huyatenga magari yaliyotengenezwa kubeba watu na yale yaliyotengenezwa kubeba mizigo. Kila kundi lina kifungu chake katika kitabu kinene chenye jalada la bluu, na katika miaka hiyo ushuru wa gari la watu ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa gari la mizigo. Kwa hiyo wafanyabiashara waling'oa viti huko huko walikonunua, wakaziba matundu, wakapaka rangi vioo vya ubavuni, kisha wakaja kuapa kwamba gari halijawahi kupakia hata kuku aliye hai. Sindano hakubishana nao. Sheria haikutaka kujua gari litabeba nini kesho. Ilitaka kujua lilikusudiwa kubeba nini siku lilipotoka kiwandani, na jibu la swali hilo lilikuwa sakafuni, si mdomoni mwa mtu.

Alipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa na jibu. Mambo mengi ya maisha yake hayakuwa nalo.

Baba yao alifariki yeye akiwa darasa la tano. Kaka yake, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliacha shule wiki iliyofuata, akakodi mkokoteni na kuanza kubeba simenti, matenga ya nyanya, na vitanda vya watu waliohama nyumba. Kila muhula alibeba pia karo ya mdogo wake. Bega lake la kulia likawa gumu kama kisigino. Majirani walimshauri amwache binti aolewe apumzike. Yeye aliwajibu kwamba akili ya yule mtoto ni mali ya ukoo mzima, na mali haitelekezwi barabarani.

Wiki ya kwanza ya kazi, yule binti alifunua kitabu cha bluu akakuta kwamba hata mkokoteni una mahali pake: chombo cha kubebea mizigo kisicho na injini, kinachosukumwa kwa mkono. Jioni alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake kumsomea.

"Soma tena," kaka alisema.

Akasoma tena.

"Kumbe serikali inanijua! Na jina langu wameliandika?"

"Namba tu, kaka."

"Namba inatosha. Hata jela hawakuiti kwa jina."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta macho kwa upindo wa shati, na mdogo wake hakuuliza kama yale yalikuwa machozi ya kicheko.

Miaka ilikwenda. Mkokoteni mmoja ukawa mitatu, mitatu ikazaa duka la mbao, na kaka akawa mtu wa kuitwa kwenye vikao. Kwa miaka kumi na mmoja aliongoza chama cha maziko cha mtaa, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Mwenyekiti tu. Chama hakikuwa na gari. Mtu akifa, walikodi lori la mchanga, wakalifagia, wakatandika turubai na kuomba Mungu barabara iwe kavu. Siku moja, wakimpeleka bibi mmoja muuza mkaa, mlango wa nyuma wa lori ulifunguka kwenye kona, jeneza likateleza na kuanguka barabarani mbele ya wanawe. Halikupasuka. Lakini mtoto wake mkubwa alilikumbatia palepale kwenye vumbi na kukataa lipandishwe tena. Mwenyekiti alivua koti, akawaita wanaume watano, wakalibeba mabegani kilomita nne zilizobaki.

Jioni ile aliapa mbele ya chama kwamba hatakiachia kiti kabla mtaa haujapata gari la kuwazikia watu wake kama watu. Walichanga miaka minne. Fundi viatu alichanga, muuza vitumbua alichanga, wajane walichanga nusu nusu.

Jumapili moja, familia ilikuwa imekula mchana nyumbani kwa Mwenyekiti, na Sindano alikuwa akiwachekesha kwa visa vya kazini. Wifi yake alikuwa mtu wa utani usiochoka.

"Wifi, siku utakapokufa tutakuzika na hiyo sindano yako."

"Nizikeni nayo. Nitawachoma nikiwa huko huko."

"Lakini sema kweli, hajawahi kutokea wa kukushinda?"

"Mmoja alikaribia," Sindano alijibu, akiwa anamenya chungwa. "Huyo hakuziba matundu kwa gundi tupu ya mafundi wa bodi za magari. Alisaga kutu, akaichanganya humo. Ilipokauka, rangi ile ile, mkwaruzo ule ule wa sakafu kuukuu. Sindano ikapita juu kama inapita kwenye bati zima. Nikasema, leo nimepatikana!"

Wote waliangua kicheko. Wifi akapiga meza. "Ukamkamataje sasa?"

Lakini Mwenyekiti, ambaye mchana kutwa alikuwa na jambo lake kifuani, hakungoja jibu. Alichomoa bahasha mfukoni na kutoa karatasi yenye picha ya gari refu jeusi. Muuzaji wa ng'ambo alikuwa ameandika chini yake: gari lililofungwa pande zote, la mizigo.

"Mdogo wangu, liangalie hili. Chama kimelipenda. Hili ni la kifungu gani?"

Mikono ya Sindano ilikuwa imelowa maji ya chungwa. Miwani ilikuwa kifuani. Aliinama juu ya karatasi akiwa bado anacheka, akaona ubavu mweusi usio na dirisha, na ukuta nyuma ya dereva.

"La mizigo hilo," alisema. "Kifungu cha malori. Ushuru wake mdogo."

"Una hakika?"

"Kaka, na wewe! Nimeyaona mangapi?"

Kesho yake Mwenyekiti aliwaambia wanachama: dada yangu amesema. Hapakuwa na haja ya neno la pili. Fedha yote ya chama ikatumwa.

Gari liliwasili baada ya miezi mitatu. Jalada lake lilipitia kwanza kwa ofisa mmoja wa kituo cha Sindano waliyemwita Muhuri, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi kugonga kuliko macho yake kusoma. Muhuri aliandika "gari la mizigo" bila kutoka kitini, kisha akampelekea Sindano atie saini ya pili, kama utaratibu ulivyotaka. Sindano alipoona jina la chama, alilibeba jalada hadi kwa Mkuu wa kituo.

"Hili ni la chama cha kaka yangu. Naomba apewe mtu mwingine."

Mkuu alikuwa akikata kucha. "Mwingine yupi? Muhuri ameshagonga. Wengine wawili wako likizo. Lichunguze wewe mwenyewe."

"Watasema nimependelea."

"Ukilikamata hawatasema. Mtu akimkamata ndugu yake, nani atamwita mla rushwa?" Akapuliza kucha kutoka mezani. "Mimi napenda kesi isiyo na maneno. Nenda."

Angeweza kusaini palepale. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kutia saini gari asilolipigia magoti, na mguu ukizoea njia humpeleka mtu hata asikotaka. Alikwenda.

Ubavu ule mweusi wa kwenye picha haukuwa bati. Ulikuwa kioo kirefu kilichofunikwa kwa pazia jeusi upande wa ndani. Ndani, katikati ya sakafu, palikuwa na reli mbili zenye magurudumu madogo ya kutelezeshea jeneza, na vibanio vya shaba vya kulizuia lisisogee. Pembeni palikuwa na viti viwili vya kukunja, vyenye mikanda, vya ndugu wanaomsindikiza marehemu. Mafundi waliolitengeneza walikuwa wamefikiri kila kitu. Sindano alikaa juu ya kiti kimojawapo. Kilikuwa laini. Aliona kwamba hilo ndilo gari hasa ambalo kaka yake alikuwa amelitafuta maisha yake yote, na kwamba hakuna mahali katika kitabu ambapo lingeweza kuitwa la mizigo. Maelezo ya kifungu cha magari ya watu yalilitaja waziwazi, karibu na gari la wagonjwa na la wafungwa: gari la kubebea maiti.

Hakusaini; aliandika jaladani kwamba ni gari la watu. Jumamosi mchana alikwenda dukani kwa kaka yake. Alimkuta akipima mbao, wifi akiwa kwenye kigoda anaandika risiti.

"Kaka, lile gari si la mizigo."

"Unasemaje?"

"Ni la maziko. Lilitengenezwa kwa kazi hiyo."

"La maziko ndiyo. Tulinunua la harusi?"

"Kitabu kinaliweka na magari ya watu."

Mwenyekiti aliweka chini kipimo chake. "Subiri nielewe. Kwa hiyo maiti ni abiria."

"Kwa sheria, ndiyo. Mtu si mzigo."

"Hata akifa?"

"Hata akifa."

"Basi mkatieni tiketi!" wifi alidakia. "Na mkifika makaburini akatae kushuka, tuone mtamfanya nini."

Siku nyingine wangecheka wote watatu. Mwenyekiti alimgeukia mdogo wake.

"Uliniambia la mizigo. Mezani kwangu."

"Nilikosea, kaka. Niliangalia picha."

"Kazini huwa unaangalia picha?"

"Hapana."

"Kwa watu baki unapiga magoti. Kwa kaka yako unaangalia picha."

Sindano alijua kwamba ilikuwa kweli tupu. Alisema angeandika ombi la msamaha wa ushuru, alisema angetoa akiba yake yote ijazie ushuru. Mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Akiba yako nikiichukua, watu watasema tulipanga. Nimewaambia la mizigo, nitawaambia nini sasa, kwamba dada yangu alikuwa anakula chungwa?" Sauti yake ikashuka. "Mimi nimebeba mizigo miaka ishirini. Hakuna uliokuwa mzito kukushinda wewe, na sikukutua. Wewe wangu huu mmoja umekushinda?"

Ombi aliliandika usiku wa siku hiyo hiyo, akalichana, akaliandika tena. Alieleza habari za wajane, za bibi muuza mkaa na jeneza lake barabarani. Wiki tano baadaye lilirudi jibu la mistari mitatu. Msamaha ulitolewa kwa magari ya wagonjwa. Magari ya maiti hayakuwa kwenye orodha. Muhuri alilisoma juu ya bega lake akacheka puani.

"Kumbe mtu akitaka msamaha asikubali kukata roho. Sindano, dada yangu, ungegonga tu siku ile. Nani angepanda humo kuangalia?"

"Mimi ningepanda."

"Ndiyo tatizo lako. Wewe unajikagua mwenyewe."

Mtaani, maneno yalikuwa yameshaota miguu. Wengine walisema ushuru ni ule ule mdogo, ila Mwenyekiti na dada yake wameuongeza ili wagawane. Wengine walisema gari limeshauzwa. Fundi viatu alidai mchango wake mbele ya watu, na Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuitwa mwizi hata alipokuwa anasukuma mkokoteni peku, alirudi nyumbani akalala bila kula.

Kisha wakala wa forodha aliyeajiriwa na chama alileta barua ya kupinga. Barua ilidai kwamba ofisa alikuwa ameona vibaya, na kwamba gari halikuwa na viti wala reli yoyote. Chama kiliomba lichunguzwe upya, mbele ya mwenye mali. Mkuu alisaini ombi akamtupia Sindano. "Kamalizie ulichoanza."

Walikuwa watatu yadini asubuhi ile: wakala aliyevaa tai, Mwenyekiti aliyevaa koti lake la vikao, na Sindano katika ovaroli. Kaka na dada walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Milango ya nyuma ilifunguliwa. Viti havikuwapo. Reli hazikuwapo. Vioo vilikuwa vimebandikwa bati jeusi kwa ndani. Sakafu ilikuwa kavu, kuukuu, yenye kutu ya hapa na pale, kama sakafu ya gari lililobeba magunia tangu lizaliwe.

"Unaona, ofisa," wakala alisema. "La mizigo."

Sindano alipanda, akapiga magoti. Alitembeza sindano mahali alipokumbuka kuwa reli ilianzia. Ikapita juu, laini, haikuzama. Alijaribu mahali pengine. Ikapita. Wakala akaanza kukohoa kikohozi cha ushindi.

Hapo Sindano aliinua kidole, akagonga sakafu kwa ukucha. Ngaa. Akasogea kidogo, akagonga tena. Ngaa. Akasogea tena. Sauti ikawa fupi, butu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Bati hulia, gundi hunung'unika. Ndivyo alivyomkamata yule mjanja wa zamani, na ndilo jibu alilokuwa nalo mdomoni siku ile ya machungwa, kabla bahasha haijatolewa.

Alikwangua kwa ncha ya sindano. Ukatoka unga wa kutu uliochanganywa na gundi.

Alipangusa unga ule kwenye ovaroli. Kisa cha yule mjanja hakukisimulia ofisini, maana hakutaka walaghai wajifunze. Alikisimulia mahali pamoja tu duniani, mbele ya watu ambao hakuwahi kufikiri atahitaji kuwaficha kitu. Aligeuka. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, na uso wake ulikuwa na tumaini. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote: hakuwa na hofu, alikuwa anatumaini, kama mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo akiamini haonekani.

"Wakala," Sindano alisema, "hebu nipishe kidogo na mwenye mali."

Wakala aliondoka akinung'unika. Sindano alibaki kwenye magoti.

"Kaka, nani alifanya hivi?"

"Alifanya nini?"

"Kaka."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, kisha akashika ukingo wa mlango. "Wakala alimwingiza fundi yadini usiku. Nilidhani ukiona ni kazi nzuri kiasi hicho, utapata sababu. Uandike kwamba hukuona. Nilikurahisishia."

"Gari likishaingia yadini ni mali iliyo mikononi mwa forodha mpaka lilipiwe. Kulichezea ni kosa kubwa kuliko ushuru wenyewe. Tulikuwa tunadaiwa tofauti ya ushuru tu, kaka! Tungeomba muda, tungechanga tena. Nikiliandika hili, linataifishwa."

"Basi usiliandike."

"Nimeshaliona."

"Mimi nami niliona mengi," alisema Mwenyekiti. "Niliona wenzangu wakienda shule na daftari, mimi nina kamba begani. Sikuandika popote."

Karibu nao winchi ilishusha kontena, ardhi ikatikisika chini ya miguu ya mmoja na magoti ya mwingine.

Sindano alifikiria kusema hakuona. Alijipa muda wa kufikiria hilo kwa haki, kama alivyowapa wafanyabiashara wote muda wa kujieleza. Aliwakumbuka waliolia mbele yake kwa matundu kama hayo: mwalimu aliyeuza shamba, mama aliyetaka kuanzisha usafiri wa maziwa. Wote aliwaambia sakafu haina huruma. Kama leo sakafu ingekuwa na huruma, basi siku zile zote haikuwa sakafu iliyowanyima. Alikuwa yeye.

Alitoa kalamu akaandika. Aliandika kwa mwandiko wake ule ule wa kila siku, wala hakukosea herufi. Aliposhuka, kaka yake alikuwa ameshafika getini. Koti la vikao lilikuwa limemning'inia upande mmoja, upande wa bega lile gumu.

Gari lilitaifishwa, likapigwa mnada. Alilinunua mfanyabiashara wa magodoro, akabandua mabati ya vioo, na mpaka leo linapita mjini limejazwa magodoro mpaka kwenye dari. Sheria haina neno naye. Kifungu chake kilikwishaamuliwa, na mtu akishalipa ushuru wa gari la watu, hata akilijaza mawe ni hiari yake. Mkuu alipata barua ya pongezi kutoka makao makuu kwa uadilifu wa kituo chake. Kesi hiyo sasa hufundishwa kwa maofisa wapya, na anayeifundisha ni Sindano mwenyewe. Huwachorea sakafu ubaoni, huwaeleza kuhusu kutu na gundi, na huwafanya wagonge meza kwa kucha ili wasikie tofauti. Hakuna aliyewahi kuuliza mwenye gari alikuwa nani.

Chama kilimvua Mwenyekiti uongozi katika kikao kilichochukua nusu saa. Hakujitetea. Hakuwataja wala wakala wala dada yake. Aliposimama kuondoka, mtu mmoja alimwita kwa jina lake la kuzaliwa, na wengine ilibidi wafikiri kidogo ndipo wakumbuke ni la nani.

Sindano alikaa miezi minne bila kukanyaga kwake. Alituma salamu, hazikurudi. Jumapili moja alivaa gauni lake la kutokea akaenda. Wifi alifungua mlango. Hakutania. Alisema "karibu" kwa sauti ya dukani, kisha akamwita mumewe, na badala ya kumwingiza ndani wakatoa kiti cha plastiki na kukiweka barazani, wakakipangusa, kama wafanyavyo kwa mgeni wa heshima. Akaletewa maji katika bilauri iliyotengwa kwa wageni.

Kaka yake aliketi kwenye ngazi. Alikuwa amekonda. Walizungumza juu ya bei ya mbao na juu ya mvua.

"Nimekuja kuomba radhi," Sindano alisema. "Kwa ile siku ya picha. Kosa lilianzia kwangu, na ningekuwa mtu wa kwanza kulisema mbele ya chama kama ungeniruhusu. Nitakwenda hata kesho."

"Utawaambia ulikosea?"

"Nitawaambia."

"Na ile karatasi uliyoandika ndani ya gari, nayo utawaambia ulikosea?"

Sindano alizungusha bilauri mkononi. "Hiyo sikukosea."

"Haya," alisema kaka yake, bila hasira. "Karibu, ofisa."

"Kaka, sikuja kama ofisa."

"Kama umekuja kama dada yangu, nenda kaifute."

"Siwezi."

"Basi umekuja kama ofisa."

Ndani, sahani zilikuwa zikipangwa mezani. Alizihesabu kwa sauti zake bila kutaka: sita, za watu wa nyumba hiyo. Alikunywa maji yote, akashukuru, akasimama. Kaka yake naye alisimama, kwa adabu, akamsindikiza mpaka kwenye lango, na pale wakaagana kwa kupeana mikono.